Mahali Asipokuwepo

Alegra, binti wa jirani yangu Orovida, alifariki kwa homa mara tu baada ya sikukuu ya vibanda. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusokota sufu, na uzi wake bado una mafundo. Tulimzika siku ileile, chini ya mji wetu wa Safed, kwenye mteremko wa makaburi unaotazama mlima Meroni.

Pale kaburini mfiwa hana budi kutamka, "Abarikiwe Hakimu wa kweli." Yomtov, baba wa mtoto, aliyatamka maneno hayo, sauti ikimpasuka katikati. Kisha watu wakamgeukia Orovida. Nilikuwa nimemshika kiwiko, nikauhisi mkono wake unakakamaa kama kuni. Hakusema neno. Wengine walidhani kilio kimemkaba koo. Mimi nilikuwa ubavuni mwake: macho yake yalikuwa makavu, na meno ameyakaza.

Niseme kwanza nilivyomjua. Ua wetu ulikuwa mmoja, kisima kimoja, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba hata nikajua siku anayotia kitunguu kingi na siku anayotia kidogo. Nyumba za Safed zimepandana mlimani. Paa la huyu ndilo ua wa yule. Hakuna siri inayolala kwetu.

Siku saba za matanga, za kukaa chini sakafuni, zikapita. Wanawake walileta mayai na dengu, wakamwambia, "Kula, Mama Alegra," halafu wakajiuma ulimi, maana hawakujua kama bado anafaa kuitwa hivyo. Yeye alinyanyuka kabla mchana haujatimia siku ya mwisho, akazunguka ua, akarudi, akazunguka tena. Yomtov alirudi kwenye mapipa yake ya rangi ya nili kule kwenye karakana ya sufu. Orovida hakurudi popote.

Tangu hapo hakutulia. Alianza kufagia akaacha fagio katikati ya ua. Alipeleka unga uliokandwa kwenye tanuri la mtaa, akarudi nao haujaokwa. Kitanda alikihamisha ukuta huu, kesho ukuta ule. Asubuhi alimbeba Vidal, mwanawe mdogo aliyebaki, akapanda naye hadi ngomeni, akashuka naye hadi chemchemini, akapanda tena.

"Unakwenda wapi, Orovida?" nilimuuliza.

"Huko."

"Huko wapi?"

"Kwingine."

Na jambo jingine nililiona, nikalinyamazia: hakubariki tena mkate. Aliukata tu kama mtu anayekata sabuni.

Asubuhi moja tulikuwa uani tunachambua sufu, akaniuliza ghafla, "Reina, ukitaka kumsengenya mtu, unafanyaje?"

"Nangoja aondoke."

"Na asipoondoka?"

"Basi naondoka mimi."

Akaweka chini vitana vya sufu. "Hapo ndipo penye taabu yangu. Huyu haondoki, na mimi sina pa kwenda."

Nikadhani anamsema mama mkwe wake, nikacheka. "Mpandishe jahazini arudi kwa binti yake kule Saloniki, mpumue."

"Si mama mkwe." Akainua kidole juu, kisha akakishusha upesi kama kimegusa kaa la moto. Akanisogelea mpaka nikahisi pumzi yake sikioni. "Nina maneno naye. Yamenijaa mpaka hapa." Akajigusa kooni. "Lakini nikiyasema, akayasikia..." Akamtazama Vidal, aliyekuwa akimkimbiza paka kuzunguka kisima. "Mmoja amemchukua. Huyu amenibakishia."

Nilimwambia anyamaze, nikatema mate mara tatu kufukuza baya, kama alivyonifundisha mama, tukarudi kwenye sufu yetu. Lakini sikuweza kuyasahau. Mwanamke huyu alikuwa anatafuta mahali ambapo Mungu hayupo, japo padogo kama jikoni, aingie, afunge mlango, amseme mpaka achoke, kisha atoke aendelee kumlea mtoto.

Na angetafutia wapi, katika mji kama wetu? Safed ya siku zile hakuna aliyezungumza jambo jingine. Wafuma nguo walibishana juu ya Mungu, Asiye na Mwisho, huku wakirusha uzi. Muuza zeituni alikupimia zeituni zako na fumbo juu yake. Ungemkuta mwokaji amesimama na koleo mkononi, mikate inaungua, anauliza: ikiwa Yeye hana mwisho, ulimwengu ulipata wapi pa kukaa?

Sabato moja Rabi Shealtiel alihubiri. Hakuwa mzee, ndevu zake zilikuwa bado nyeusi, na alikuwa na mafua mwaka mzima. Alijifuta pua akasema kwamba hakuna mahali patupu pasipo na Yeye, si juu, si chini, si katika jiwe, si katika pengo lililo kati ya jiwe na jiwe. Wanaume walitikisa vichwa kwa utamu. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya dirisha la mbao lililotutenga nao. Orovida akanyanyuka, akanikanyaga mguu, akatoka nje. Nilimkuta ngazini anahema kama mtu aliyefukuzwa.

"Umesikia?" akasema. "Hata kwenye pengo la mawe! Nitakwenda wapi mimi?"

Siku mbili tatu baadaye akanijia uso umechangamka kidogo. Alikuwa amepata. Sheria yetu inasema bafuni hatulitaji Jina lake, wala hatuwazi mambo matakatifu. Hata mwimo wa mlango wa bafu hauwekwi maandiko kama miimo ya nyumba zetu. "Unaona?" akasema. "Kama tumekatazwa kumtaja humo, basi lazima humo hakai. Mtu hakatazwi kumwita mwenye nyumba ndani ya nyumba yake."

"Orovida, hiyo ni kwa heshima tu."

"Heshima au si heshima, twende."

Tukaenda kwenye bafu la mji siku isiyo na watu. Kulikuwa na mwangalizi wa bafu tu, Mas'uda, mmoja wa Wayahudi waliokuwepo hapa kabla yetu, wanaosema Kiarabu, mnene, mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Orovida akapita vyumba vyote hadi kule nyuma, penye tanuri la kuchemshia maji, kwenye majivu na samadi ya kuwashia moto. Akasimama. Akavuta pumzi. Akafumbua mdomo.

"Mungu akurehemu, mwanangu, utaungua hapo!" Mas'uda akaita kutoka mlangoni.

Orovida akageuka kama aliyeumwa na nge. "Humu hatumtaji!"

"Tangu lini?"

"Tangu sheria iwepo! Bafuni hatumtaji!"

"Haya, na nikiteleza kwenye hayo mawe nimwite nani? Sabuni?" Mas'uda akaweka mikono kiunoni. "Miaka yote niko humu. Wanawake wanaingia na mimba zao, na vidonda vyao, na waume zao waliowapiga. Wote wanamtaja. Wallahi angekuwa hayupo humu ningekwisha kuzama."

Nilicheka, ilinishinda. Orovida hakucheka. Alijaribu tena Mas'uda alipoondoka, akanong'ona, "Wewe..." na sauti ikarudi kutoka kwenye kuba la bafu: wewe, wewe, wewe. Akanishika mkono tukatoka mbio bila hata kunawa uso.

Baada ya hapo alizidi. Alijaribu chooni. Alijaribu bonde la chini wanakotupa mizoga ya punda. Kila pahali alirudi na maneno yaleyale tumboni, na alizidi kukonda. Yomtov alikuwa akirudi jioni, mikono ya buluu hadi kwenye viwiko, anakula kimya, anamtazama, anatazama ukuta. Hakulitaja jina la mtoto hata siku moja. Orovida akaniambia, "Mume wangu amekwisha kukubali. Amesema baraka yake kaburini, amemaliza. Wanaume wameumbwa na udongo mwingine."

Mimi ndiye niliyemshauri twende kwa Rabi Shealtiel. Nilikwenda naye, maana haifai mwanamke kuingia peke yake. Tulimkuta barazani anamenya vitunguu, mkewe yuko kitandani na maumivu ya mgongo.

"Rabi," Orovida akasema, hata hakukaa, "kuna mahali ambapo Yeye hayupo?"

Rabi akaacha kisu. Alimjua, alikuwepo mazishini. "Kaa kwanza, Mama Alegra."

"Siwezi kukaa. Nijibu nikiwa wima."

Akajifuta pua, akafikiri. Na nadhani alijibu kwa moyo safi, akampa kilicho bora alichonacho. Alisema kwamba kabla ya vyote, Yeye alijaza vyote, na hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Alipotaka ulimwengu uwepo, akajivuta. Akajikunyata, akaacha nafasi. "Kama mama," alisema, "anayelala katikati ya kitanda, kisha mtoto anakuja usiku anataka kulala. Mama anajisogeza ukutani."

Orovida akamkazia macho. "Kwa hiyo nafasi ipo."

"Ipo."

"Ambayo ametoka?"

"Ambayo alitoka, ndiyo."

"Nionyeshe."

"Umesimama ndani yake. Sote tumo."

Nikaona uso wake unafunguka. Akafumbua mdomo, nami nikajua sasa hivi, hapahapa barazani, mbele ya vitunguu, yanatoka. Lakini Rabi hakuwa amemaliza. Hawamalizi watu hawa.

"Ila ukimimina mafuta yote kutoka kwenye mtungi," akaongeza, "ukitia kidole ndani, si utakikuta kina mafuta? Hivyo ndivyo ilivyo. Alitoka, lakini alama yake imebaki."

Orovida akafunga mdomo. "Kwa hiyo bado yupo."

"Yupo kwa namna ya kutokuwepo."

"Rabi," akasema, "hilo ni jibu la mume aliyechelewa kurudi nyumbani."

Rabi akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akamuuliza kwa upole, "Unataka kumwambia nini, mama, kisichofaa asikie?"

"Nikikuambia si atasikia?" Akageuka akaondoka. Rabi alinitazama mimi, na kitunguu mkononi, na macho yanamtoka machozi. Sijui ya kitunguu au ya nini.

Majira ya baridi yakaingia. Ukungu ulishuka ukameza mji, ukawa unamsikia mtu kabla hujamwona. Nilikuwa nikizisikia hatua za Orovida kwenye ukungu ule, huku na huku. Vidal alikuwa amechoka kubebwa. Akawa anabaki kwangu, anacheza na mikia ya vitunguu.

Kisha Vidal akashikwa na homa.

Ilianza asubuhi. Adhuhuri alikuwa kama mkate uliotoka tanurini, na midomo imepasuka. Nilileta siki na vitambaa. Orovida alimkanda, akambadilisha kitambaa, akamkanda tena. Mimi nilikuwa naomba kwa sauti ya chini, namwomba Yule asiyependa kelele. Mara nikamsikia Orovida anasema, polepole, kama mtu anayehesabu kosa la mwenzake, "Lakini nilinyamaza."

Akasimama. Akatoka uani. Ilikuwa mchana kweupe, ukungu umeondoka, wanawake wameanika nguo juu ya mapaa, na watu wanatoka sokoni. Akasimama karibu na kisima, akainua uso, na akapaza sauti nisiyoijua.

"Nilinyamaza! Unanisikia? Tangu vibanda nimefunga mdomo. Maneno nimeyala kama mchanga, kwa ajili ya huyu, usimguse huyu! Nimeingia chooni, nimeingia kwenye mizoga, nisikukosee adabu mbele ya uso wako! Na bado umekuja!"

Dirisha moja likafungwa. Jingine likafunguka. Juu ya paa mwanamke mmoja akaziba masikio ya bintiye kwa mikono miwili.

"Wanasema umejaa kila mahali. Haya! Basi ulikuwemo chumbani. Alegra alipoomba maji na maji hayakai tumboni, ulikuwemo. Mimi nilikuwa upande wa kulia wa kitanda, baba yake upande wa kushoto. Wewe ulikaa upande gani? Niambie! Ulikaa upande gani, ukashindwa hata kumpepea?"

"Orovida," nikamwita, "Orovida, njoo ndani, mtoto..."

"Usiniite! Nazungumza na mtu!"

Aliyasema yote. Mengine siwezi kuyarudia, na si kwa kuogopa, ni yake. Alisema juu ya nywele za mtoto, na jinsi alivyokuwa akilala amekumbatia goti. Alimwita Mungu majina ambayo hata mbwa hatumwiti. Watu walikuwa wamejaa kwenye ngazi za uchochoro, na wengine wanasema, "Mzibeni mdomo, ataangusha mji juu yetu." Hapo ndipo Yomtov alipotokea. Mtu alikuwa amemkimbilia karakanani. Alipita katikati ya watu, nili inamchuruzika vidoleni, na kila mmoja wetu alifikiri anakuja kumnyamazisha mkewe.

Akasimama kando yake. Akatazama chini. Kisha akasema, "Mwambie na habari ya viatu."

Orovida akamgeukia. Akataka kusema, akashindwa. Sauti ilikuwa imemwisha.

Basi Yomtov akasema mwenyewe. Hakupaza sauti, alisema kama mtu anayezungumza na msimamizi wake wa kazi. "Nilimnunulia viatu. Vyekundu, kutoka kwa yule fundi wa Damaski. Nilivificha karakanani ili avivae Pasaka. Vipo mpaka leo nyuma ya pipa. Kila siku naviona. Ungeweza kungoja avivae." Akaitazama mikono yake. "Mara moja tu. Ungeweza kungoja."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza juu ya mtoto tangu mazishi. Akajifunika uso kwa mikono, na nili ikabaki mashavuni mwake. Orovida akamkumbatia shingoni. Kuku wangu mmoja alipita katikati yao akidonoa. Halafu kutoka ndani Vidal akalia anataka maji, wote wawili wakaingia mbio.

Homa haikuondoka siku ile, wala kesho yake. Iliondoka kwa kusitasita, ikarudi, ikaondoka, na Vidal akaanza kudai jibini. Niliporuka kwa furaha na kumwambia Orovida, "Umeona? Amekusikia!" akanishika mkono kwa nguvu.

"Usiniambie hivyo, Reina. Kamwe usiniambie hivyo. Na yule mwingine je? Kwani kwa yule sikuomba?"

Sikumwambia tena.

Mji ulizungumza, kama ulivyotarajiwa. Kwenye tanuri wanawake walijisogeza alipofika. Wakubwa wa sinagogi wakamtuma Rabi Shealtiel amlete akaombe msamaha mbele ya watu. Alikuja na mafua yake, akasimama mlangoni, akasema ametumwa, na akasema alichotumwa.

Orovida alikuwa anapepeta dengu. "Waambie nitawaomba msamaha majirani wenye watoto wachanga niliowaamsha. Huyo Mwingine, mimi na yeye bado tunazungumza. Mtu haombi msamaha katikati ya maneno."

"Watakasirika."

"Wakasirike. Na wewe, ulisema amejisogeza ukutani kutupisha. Siku akirudi katikati ya kitanda, anatulalia?"

Rabi akajifuta pua. "Sijui," akasema.

"Karibu ndani basi. Kuna supu, ya mafua."

Akaingia, mlango ukaachwa wazi. Nilisikia wakibishana kupitia ukutani mpaka saa ya swala ya jioni, na mara mbili nilimsikia Rabi akipiga meza. Wale wakubwa hawakumtuma tena.

Sitasema kwamba Orovida alipata utulivu, ningekuwa mwongo. Aliendelea kutembea kama mwanzo, ila sasa hakwenda kimya. Alibishana njia nzima, mikono inapaa, mpaka punda wakampisha. Mkate alirudi kuubariki, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi. Ijumaa jioni akiwasha mishumaa ya Sabato, alifunika uso kwa viganja kama sote, lakini sisi wa upande wa pili wa ukuta tulikuwa tumekwisha kula supu, yeye bado yupo pale, midomo inakwenda mbio.

"Chakula kinapoa," Yomtov angesema.

"Kipoe. Sijamaliza naye."

Miaka baadaye, sufu ilipoadimika na karakana kufungwa moja baada ya nyingine, walihamia Damaski. Niliwasindikiza hadi mahali njia inapokata kuelekea daraja la Yordani. Vidal, kijana mkubwa sasa, aliongoza punda wa mizigo, Yomtov akifuata kwa miguu. Orovida alipanda wa pili, akanibusu, akalia kidogo, akaniambia nisitie kitunguu kingi. Kisha akaondoka, na kabla hajafika kwenye kona alikuwa amekwisha kuanza kugomba na kupunga mkono. Upepo uliniletea sauti lakini si maneno, nami sikuweza kujua kama anagombana na Yomtov au na yule Mwingine.